Bendera Zilizopita Kasongo na Kabambare

Katika misioni nyingi za Maniema ya kusini, mutu akiuliza habari za zamani hujibiwa kwa maneno machache. Kwanza ilikuja bendera nyekundu: ndiyo bendera ya Waarabu, ya utumwa na ya Uislamu. Kisha ikaja bendera ya bulu yenye nyota: ndiyo bendera ya Wabelgiji, ya uhuru na ya dini ya Kristu. Mwisho ikaja bendera ya dipanda, nayo ndiyo yetu. Maneno haya ni mepesi kukariri. Hata mutoto wa darasa la tatu aweza kuyasema bila kukwama. Lakini ndani yake mna makosa mengi, na makosa hayo si ya hesabu ya miaka tu. Yanaingia katika nyumba za watu.

Kwani Kasongo na Kabambare si inchi ya Wakristu peke yao. Uislamu una mizizi ya zamani huku kuliko sehemu nyingi za Kongo. Katika jamaa moja babu ni Muislamu na mujukuu ni Mukristu, nao wote hukutana kwenye kilio kimoja na arusi moja. Katekista akisema kwamba bendera ya babu ilikuwa ya shetani, na bendera ya mufalme wa mbali ilikuwa ya Mungu, hafundishi historia, anaigawanya jamaa. Tena dini haitetewi kwa maneno yasiyo ya kweli. Siku mutoto atakapokuwa mutu muzima na kujua ukweli, atashuku na yale mengine tuliyomufundisha, yaliyo ya kweli.

Basi tuzipime bendera hizi moja moja.

1. Bendera ni alama ya namna gani

Ndugu wafrateri wanaosoma filosofia wanajua kwamba alama ni za namna mbili. Moshi ni alama ya moto, wala hakuna mutu aliyeupa moshi kazi hiyo. Ni asili yake. Lakini neno, au mulio wa ngoma, au bendera, ni alama kwa sababu watu wamepatana hivyo. Mutakatifu Augustino alieleza tofauti hii katika kitabu chake De doctrina christiana, na katika mifano yake alitaja bendera za vita: akasema kwamba kwa njia ya macho zinawaarifu askari mapenzi ya mukubwa wao, kama vile maneno yanavyofanya kwa njia ya masikio.

Kutokana na hayo twapata kanuni moja. Rangi nyekundu haina uovu ndani yake, na rangi ya bulu haina wema ndani yake. Kitambaa ni kitambaa. Mutu akitaka kujua maana ya bendera, na aulize mambo matatu: Nani aliisimamisha? Mwaka gani? Na kwa mapatano ya nani? Mapatano yakibadilika, maana yabadilika, hata kama kitambaa ni kilekile. Neno lenyewe «bendera» latufundisha hivyo: lilitoka kwa Wareno, likashika pwani, likapanda bara pamoja na misafara, na leo hakuna anayelihesabu kuwa neno la kigeni.

2. Kosa la kwanza: kwamba bendera nyekundu ilikuwa bendera ya Uislamu

Bendera iliyotangulia misafara kutoka pwani hata Ujiji, Kabambare, Kasongo na Nyangwe ilikuwa nyekundu tupu. Haikuwa na mwezi, wala nyota, wala maandiko. Ilikuwa bendera ya jamaa ya kifalme ya Busaidi, waliotawala Omani, na ambao chini ya Seyyid Said waliufanya Unguja kuwa makao yao katika nusu ya kwanza ya karne ya 19. Ilikuwa bendera ya nyumba ya mufalme na ya biashara yake, si bendera ya musikiti.

Tuangalie ni nani waliofanya kazi chini yake. Forodha ya Unguja, iliyokuwa mali kubwa ya Sultani, ilikuwa kwa miaka mingi mikononi mwa nyumba ya Jairam Shivji, watu wa Uhindi wasio Waislamu. Wapagazi wengi waliobeba pembe kutoka Maniema walikuwa Wanyamwezi, nao wengi wao walifuata dini za babu zao. Mwaka wa 1871, Stanley alipoingia Ujiji kumutafuta Livingstone, msafara wake ulikuwa na bendera ya Marekani mbele na bendera ya Unguja nyuma. Stanley hakuwa Muislamu, wala hakuwa mutumishi wa Sultani. Alichukua kitambaa kile kwa sababu njiani kilijulikana: kiliwaambia watu kwamba wanaokuja wana mapatano na Unguja.

Kusema hivyo si kuficha ubaya. Chini ya bendera nyekundu watu wa Maniema walikamatwa, wakafungwa minyororo, wakauzwa. Tarehe 15 Julai 1871 Livingstone aliona kwa macho yake katika soko la Nyangwe watu wa pwani wakiwapiga bunduki wanawake waliokuja kuuza vitu vyao. Mamia walikufa, wengi wao katika maji ya Lualaba. Jambo hili ni la kweli na lazima lifundishwe. Lakini wenye hatia ni watu waliolitenda. Bendera haikupiga bunduki, wala Kurani haikuwekwa mahali pa baruti. Na miaka miwili baadaye, tarehe 5 Juni 1873, Sultani Barghash, mwenye bendera ileile nyekundu, alitia sahihi mukataba wa kufunga masoko ya watumwa ya Unguja na kukataza kuwapitisha watumwa baharini. Aliufanya kwa kulazimishwa na Waingereza, na bara uwindaji wa watu haukukoma. Walakini tuone: bendera moja, ndani ya miaka miwili, ilisimama juu ya watu waliofanya mauaji na juu ya mukataba uliofunga soko. Mutu akiuliza «bendera ile ilikuwa na maana gani?», jibu la neno moja halipatikani.

3. Kosa la pili: kwamba mahali bendera ilipopepea, mwenyewe alitawala

Watu wengi wadhani Sultani wa Unguja alikuwa mufalme wa Kasongo. Sivyo. Hakuwa na kambi ya askari Maniema, wala mahakama, wala mutoza kodi. Walioshika inchi walikuwa wafanya biashara wenye bunduki, na mukubwa wao alikuwa Hamed bin Muhammed, ambaye watu walimwita Tippu Tip. Yeye alifanya Kasongo kuwa makao yake katikati ya miaka ya 1870. Mahali pa muji ule wa zamani huitwa leo Tongoni. Nguvu zake zilitoka kwa bunduki, kwa pembe, kwa mukopo wa matajiri wa Unguja kama Taria Topan, na zaidi kwa wakubwa wa inchi waliopatana naye. Heshima ya Sultani ilimufaa. Lakini heshima si utawala.

Kwenye pwani kuna mufano ulio wazi zaidi. Toka mwaka wa 1895 Waingereza walitawala ukanda wa pwani wa Kenya, wakatoza kodi na kuhukumu. Lakini bendera nyekundu ya Sultani iliendelea kupepea juu ya ngome ya Mombasa hata Desemba 1963. Miaka karibu 70 bendera ilikuwa ya mumoja na amri ilikuwa ya mwingine.

Jambo kama hilo lilitukia kwetu, kwa njia ya ajabu zaidi. Mwaka wa 1886 Waingereza na Wajerumani walipatana kwamba inchi ya Sultani ni ukanda wa pwani wenye upana wa maili 10 tu. Kwa karatasi ile, Maniema ikatoka mikononi mwa Barghash, na hakuna mutu wa Maniema aliyeulizwa. Tippu Tip alifahamu upepo unavuma wapi. Tarehe 24 Februari 1887, kule Unguja, alitia sahihi mukataba mbele ya Stanley: akawa liwali wa Stanley Falls kwa jina la Mufalme Leopold II, kwa mushahara wa pauni 30 kwa mwezi, na sharti mojawapo lilikuwa kuisimamisha pale bendera ya Dola Huru ya Kongo.

Tuwaze vizuri juu ya jambo hili. Bendera ya bulu yenye nyota, ambayo makatekista wengi waiita bendera iliyokuja kuvunja utumwa, ilikabidhiwa mikononi mwa mufanya biashara mukubwa kuliko wote wa pembe na watumwa katika inchi hizi. Mukataba ulimwagiza kuzuia uwindaji wa watu; lakini yeye, watu wake na watumwa wake walibaki walivyokuwa. Kilichobadilika kwanza kilikuwa kitambaa.

4. Kosa la tatu: kwamba bendera ya nyota ilitoka Ubelgiji, au kwa wafalme wa Kongo wa zamani

Kuna wasemao kwamba bendera ya bulu ilikuwa bendera ya Ubelgiji. Bendera ya Ubelgiji ina rangi tatu: nyeusi, manjano na nyekundu. Wengine, wenye kusoma zaidi, husema kwamba nyota ilitolewa katika bendera ya ufalme wa zamani wa Kongo kule Mbanza-Kongo. Hesabu ya miaka na ya njia yatuonyesha mambo mengine.

Mwezi wa Septemba 1876 Leopold II alikusanya wataalamu wa jiografia huko Bruxelles, wakaanzisha Shirika la Kimataifa la Afrika. Mwaka wa 1877 shirika lile lilijichagulia bendera ya bulu yenye nyota moja ya dhahabu katikati. Wakati ule Stanley alikuwa angali anasafiri katika muto Kongo. Alifika Boma mwezi wa Agosti 1877. Tena kazi ya kwanza ya shirika haikuelekea muto wala Mbanza-Kongo. Ilielekea Afrika ya mashariki. Kituo chake cha kwanza kilikuwa Karema, ngambo ya mashariki ya ziwa Tanganyika, mwaka wa 1879. Kisha Mpala, ngambo ya mangaribi, mwaka wa 1883. Basi upande wetu bendera ya nyota haikutoka mangaribi kwa kupanda muto. Ilitoka Unguja, kwa njia ileile ya misafara iliyopitwa na bendera nyekundu.

Mwaka wa 1885 shirika liliacha vituo vile viwili mikononi mwa Mapadri Weupe wa Kardinali Lavigerie. Historia ya Eklezya ya upande huu imegusana na bendera ile tangu siku hizo, na ndiyo sababu wengi wameichanganya na musalaba. Lakini mapadri wale walitafuta roho za watu na kuwakomboa watumwa. Mwenye bendera alitafuta inchi. Njia zao zilikutana, bali mwisho wa safari haukuwa mumoja.

Namna bendera hii ilivyofanywa kuwa bendera ya serikali nayo ni ya kufahamu. Tarehe 22 Aprili 1884 Marekani ilitangaza kwamba inaitambua bendera ya shirika la Leopold kama bendera ya serikali rafiki. Haikusema ni watu gani wa inchi ile, iliitambua bendera. Mataifa ya Ulaya yakafuata, na mwaka wa 1885, baada ya mukutano wa Berlin, Dola Huru ya Kongo ikatangazwa. Bunge la Ubelgiji lilimuruhusu Leopold kuwa mukubwa wa dola ile yeye binafsi; Kongo haikuwa mali ya Ubelgiji mpaka tarehe 15 Novemba 1908. Wabelgiji walipoichukua, waliiacha bendera ya nyota kuwa bendera ya koloni, ikapepea pamoja na ile ya rangi tatu hata tarehe 30 Juni 1960.

5. Kosa la inne: kwamba vita vya 1892–1894 vilikuwa vya Wazungu na Waarabu, vya uhuru na utumwa

Hapa ndipo kosa linaumiza zaidi, kwa sababu watu wa Kasongo na Kabambare wangali wakiambiana: ninyi mulikuwa upande huu, sisi tulikuwa upande ule.

Kwanza, Tippu Tip hakupigana vita vile. Aliondoka Kongo mwaka wa 1890, akafika Unguja mwaka wa 1891, akafa kulekule mwaka wa 1905. Walioongoza vita walikuwa mwana wake Sefu, na baadaye Rumaliza, ndiye Muhammed bin Khalfan wa Ujiji.

Pili, sababu ya vita haikuwa utumwa peke yake. Tarehe 21 Septemba 1891 Leopold alitoa amri ya siri kwamba wakubwa wa serikali wajipatie pembe na kauchu kwa faida ya Dola. Watu wa Kasongo waliishi kwa pembe. Siku serikali ilipotaka pembe ziwe zake, vita vilikuwa mulangoni. Mwezi wa Mei 1892 Hodister, aliyekuja kutafuta biashara ya pembe, aliuawa pamoja na wenzake upande wa Riba-Riba, ndiyo Lokandu ya leo. Mwisho wa mwaka ule Lippens na De Bruyne, waliokuwa wajumbe wa serikali katika Kasongo, waliuawa nao. Ni kweli kwamba Kardinali Lavigerie, tangu mwaka wa 1888, alisafiri Ulaya kupigia kelele utumwa, na kelele yake ilikuwa ya haki. Lakini kilio cha haki cha padri kiliweza kutumiwa na mufalme mwenye hesabu zake.

Tatu, tuangalie waliokufa. Komanda Dhanis alishika Nyangwe tarehe 4 Machi 1893 na Kasongo tarehe 22 Aprili 1893. Wazungu aliokuwa nao walihesabika kwa vidole. Jeshi lake lilikuwa askari Waafrika, na nyuma yao watu wengi wa Ngongo Lutete, mukubwa aliyekuwa kwanza mutu wa Tippu Tip, akageuka upande wa serikali mwaka wa 1892. Na waliopigana chini ya Sefu na Rumaliza, je, walikuwa Waarabu? Wachache sana. Wengine wote walikuwa Wangwana na watu wa inchi: wana wa Maniema. Chini ya bendera mbili walisimama ndugu. Wengi hawakuchagua bendera; waliifuata kwa sababu mukubwa wao aliifuata, au kwa sababu walikuwa watumwa wake.

Na mushahara wa Ngongo Lutete ulikuwa gani? Mwezi wa Septemba 1893, alipokwisha kuisaidia bendera ya nyota kushinda, maofisa wa serikali walimushitaki kuwa mwenye hiana, wakamuua kwa bunduki kule Ngandu. Sefu alikufa vitani mwezi uliofuata. Mwezi wa Januari 1894 Rumaliza alishindwa, na Lothaire akaingia Kabambare.

Sasa tufuate Kabambare kidogo, maana muji huu wafundisha kuliko vitabu. Mwaka wa 1895 askari wa serikali kule Luluabourg waliasi, na miongoni mwao walikuwa watu wa zamani wa Ngongo Lutete. Mwaka wa 1897 askari wengine waliasi kaskazini, katika jeshi la Dhanis mwenyewe, wakashuka kusini. Mwezi wa Novemba 1898 waasi hao waliteka Kabambare, nao serikali ikairudia mwishoni mwa mwaka. Mutu aliyekaa Kabambare kutoka Januari 1894 hata Desemba 1898 aliona Wangwana, serikali, waasi, na serikali tena. Kila mara alitakiwa chakula, wapagazi, na vijana. Kwake yeye swali halikuwa «bendera hii ina rangi gani?», bali «wenye bendera hii watachukua nini?»

Nasi tusisahau yaliyofuata. Watu waliofunguliwa minyororo walitiwa kwenye kodi ya kauchu na ya pembe, na katika sehemu nyingi za Kongo kodi ile ilidaiwa kwa mujeledi na kwa bunduki, hata mwaka wa 1904 Leopold alilazimishwa kutuma tume ya kuchungua. Biashara ya kuuza watu ilivunjika kweli, na hilo ni jema kubwa. Babu zetu waliorudi kwao walimushukuru Mungu. Lakini jema lile halikuifanya bendera kuwa takatifu, kama vile mabaya ya Nyangwe hayakufanya Waislamu wote kuwa wauaji.

6. Kosa la tano: kwamba bendera za dipanda hazina mashaka

Wengine wadhani mashaka yalikwisha mwaka wa 1960. Tuhesabu.

Tarehe 30 Juni 1960 bendera ya Kongo ilikuwa ya bulu, na nyota kubwa katikati, na nyota ndogo sita upande wa mulingoti. Nyota ndogo zilikuwa provensi sita za siku zile: Léopoldville, Équateur, Orientale, Kivu, Katanga na Kasaï. Maniema haikuwa na nyota yake. Ilikuwa ndani ya nyota ya Kivu. Ona pia: bendera ya Leopold haikutupwa, iliongezwa nyota. Alama ya mutawala ilichukuliwa na waliotawaliwa, nao wakaipa maana nyingine. Hilo lawezekana, kwani maana ni mapatano.

Tarehe 11 Julai 1960 Katanga ilijitenga, na bendera yake ilikuwa na misalaba mitatu ya rangi ya shaba. Kuna Wakristu waliodhani ni misalaba ya dini. Sivyo. Ni vipande vya shaba vilivyoyeyushwa kwa umbo la musalaba, vilivyokuwa feza ya watu wa kusini tangu zamani, kabla musionari yeyote hajafika. Umbo ni moja, maana ni mbili. Na tarehe 1 Januari 1962, kule Kongolo, jirani yetu, wamisionari wa Shirika la Roho Mutakatifu waliuawa na askari katika vita vile vya bendera mbili. Damu yao haikuwa ya bendera yoyote.

Provensi sita zilipogawanywa kuwa 21, na Maniema mojawapo, nyota sita zikapoteza maana. Mwaka wa 1963 ikatokea bendera mpya: bulu, na nyota katika pembe ya juu, na mustari mwekundu wenye kingo za manjano ukipita kwa mushazari. Mwaka wa 1971 inchi iliitwa Zaire, na bendera ikawa ya rangi ya majani, na mukono ulioshika mwenge. Rangi ile haikuwa ya Uislamu, kama wengine walivyoweza kudhani katika miji yenye misikiti. Bendera ile ilitokana na alama ya chama, MPR, kilichoanzishwa mwaka wa 1967. Chama kilijifanya inchi, na inchi ikajifanya chama. Seminari zetu zinakumbuka maana yake: serikali iliagiza kwamba kamati za vijana wa chama, JMPR, ziundwe hata ndani ya seminari. Maaskofu walikataa, na mwaka wa 1972 Kardinali Malula alikaa Roma miezi kadhaa mbali na jimbo lake. Swali lilikuwa lilelile la Augustino: ni mapenzi ya mukubwa yupi yanayoarifiwa kwa alama hii?

Mwaka wa 1997 nyota sita zilirudi. Lakini tangu mwaka wa 1988 Maniema ilikuwa provensi kamili, na inchi yote ilikuwa na provensi 11. Mutu wa Kasongo aliyehesabu nyota zile ndogo hakupata yake. Tusiseme kwamba alidharauliwa. Bendera ile ilikumbuka siku ya mwaka wa 1960, haikuhesabu provensi za siku zile. Mwisho, Katiba ya tarehe 18 Februari 2006 ilirudisha mustari mwekundu wa mushazari na nyota ya pembeni, juu ya bulu ya mbingu. Kwa hiyo bendera hii si mpya kama vijana wanavyodhani. Umbo lake ni la mwaka wa 1963. Watu hufundisha kwamba bulu ni amani, nyekundu ni damu ya mashujaa, manjano ni utajiri wa inchi. Ni mafundisho mema. Lakini Katiba yaeleza rangi tu. Maana inatoka kwetu, nasi tutaijaza au tutaiacha tupu kwa matendo yetu.

7. Na bendera yetu je?

Ili tusiwe wenye kuona kibanzi katika jicho la wengine tu, tuseme neno juu ya bendera ya Papa, ile ya manjano na nyeupe tunayoipepea siku za sikukuu. Wakristu wengi wadhani imekuwapo tangu siku za Petro. Hata mwanzo wa karne ya 19 rangi za Roma ya Papa zilikuwa nyekundu na manjano. Mwaka wa 1808, majeshi ya Napoléon yalipoingia Roma na askari wa Papa kutiwa katika jeshi lile na alama zao zilezile, Papa Pius VII aliwaagiza waliobaki waaminifu kuvaa manjano na nyeupe, wapate kujulikana. Bendera ya Mji wa Vatikano ni ya mwaka wa 1929. Kapteni Joubert, aliyewalinda watu wa Mpala na wa Mrumbi toka mwaka wa 1887, alikuwa kwanza zuavu wa Papa, yaani askari wa Roma kabla haijachukuliwa mwaka wa 1870. Bendera aliyoitumikia ujana wake ilikuwa na ufalme wa dunia nyuma yake. Ufalme ule umepita, Eklezya haikupita. Basi hata kitambaa tunachokipenda sana kina mwaka wake wa kuzaliwa.

8. Kwa wanaofundisha

Ndugu makatekista, munapofundisha habari za inchi, fanyeni mambo matatu. Kwanza, tajeni watu na miaka, si rangi. Musiseme «bendera nyekundu iliua». Semeni ni nani aliyeua, wapi, lini. Pili, musifiche kosa la upande wowote: semeni Nyangwe ya 1871, semeni na kauchu. Tatu, waulizeni wazee wa pande zote mbili, wa musikitini na wa misioni, kabla hawajafa, muandike wanayosema, kisha mulinganishe. Mara nyingi mutaona kwamba babu zao walikimbilia pori lilelile usiku uleule.

Nanyi wafrateri, mutakapokuwa mapadri wa Kasongo au Kabambare, mutaombwa kubariki bendera nyingi na kusema maneno mbele yake. Zipeni heshima ipasayo, kwani kupenda inchi ni wajibu wa mwana. Lakini kumbukeni kwamba bendera zote zilizopita huku zilikuta watu hapa, nazo ziliondoka zikawaacha hapa. Hao watu ndio tuliotumwa kwao: wenye kilemba na wenye rozari, wana wa mama mumoja. Atakayewafundisha ukweli wa mambo yaliyopita amewapunguzia sababu moja ya kuchukiana.